Sheria na Raia: Bailifu wa Korti ya Mji

Hukumu ya korti ni maneno matupu iwapo hapana mtu wa kuitimiza. Mtu huyo ni bailifu. Wengi humchukia kwa kuwa humwona siku ya shida tu, vyombo vikitolewa nje na watoto wamesimama barabarani. Lakini aifahamuye sheria hujua kwamba bailifu ni kinga pia kwa mnyonge. Mfano ulio wazi ni korti za miji katika jimbo la Ohio, nchini Marekani.

Huko bailifu huwekwa na korti yenyewe, nayo ndiyo ikatayo mshahara wake. Katika wilaya ya Hamilton, ulipo mji wa Cincinnati, kazi ya kuwaweka mabailifu ni ya karani wa korti. Kabla ya kushika kazi, bailifu sharti ale kiapo cha uaminifu na kutoa dhamana isiyopungua dola 3,000. Kwa hiyo mwenye mamlaka ya kuingia nyumbani mwa watu naye amefungwa.

Bailifu hupeleka samansi, hukamata mali kwa amri ya korti, na aweza kuwaapisha mashahidi. Lakini kazi iliyo nzito kuliko zote ni kumtoa mpangaji nyumbani. Mwenye nyumba sharti kwanza ampe mpangaji ilani ya maandishi siku 3 au zaidi kabla ya kushtaki. Kisha samansi sharti imfikie siku 7 au zaidi kabla ya siku ya kesi. Mwenye nyumba akishinda na kupata hati ya kumtoa mpangaji, bailifu huitimiza katika muda wa siku 10 tangu kuipokea.

Pasipo hati hiyo, mwenye nyumba hana ruhusa ya kumfungia mpangaji mlango, kumkatia maji au umeme, wala kuchukua vyombo vyake badala ya kodi. Akithubutu, mpangaji aweza kumdai fidia ya hasara pamoja na gharama ya wakili, hata kama kweli alikuwa na deni la kodi. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Nchini Kenya, mali hukamatwa na kuuzwa kwa amri ya korti na madalali wenye leseni, chini ya sheria ya mwaka 1996. Nchi mbili hizi hazifanani kwa taratibu, lakini shauri la busara ni moja. Mtu akijiwa mlangoni, asipigane wala asijifiche, maana kesi yaweza kukatwa bila yeye. Na aombe kuiona karatasi, asome jina, nambari ya kesi na muhuri, kisha aende upesi kwenye korti iliyotajwa humo. Karatasi isipokuwapo, aliyekuja hana amri ya korti, hata akipaza sauti namna gani.