Meno ya Mbele ya Mtoto: Waya Ukae Muda Gani?

Mtoto aangukapo kutoka mwembeni au kwenye baiskeli, chombo ambacho hapa Tanga hupandwa na wakubwa kwa wadogo, mara nyingi yanayoumia ni meno ya mbele ya juu. Tabibu huyarudisha mahali pake na kuyashikiza kwa waya uliogandishwa kwenye meno jirani. Ndipo mzazi anapouliza: waya huu ukae muda gani?

Wengi wetu hudhani kwamba kadiri unavyokaa ndivyo jino linavyoshika. Dhana hiyo ina madhara. Mwongozo wa kimataifa wa majeraha ya meno wa mwaka 2020 umetaja muda kwa meno ya ukubwani. Jino lililong'oka likarudishwa, wiki 2. Lililochomoza kutoka tunduni mwake, wiki 2. Lililosukumwa kando, au lililozama ufizini likarudishwa kwa upasuaji, wiki 4. Mfupa unaoshika meno ukivunjika, wiki 4. Mzizi uliovunjika karibu na ufizi ndio unaoweza kuhitaji hadi miezi 4. Waya nao uwe mwembamba, usiozidi milimita 0.4, ili jino litikisike kidogo.

Kutikisika huko ni sehemu ya tiba. Kati ya mzizi na mfupa mna nyuzi hai zinazopona vema zikipata mwendo mdogo. Zikibanwa mno na kwa muda mrefu, hatari ya mzizi kushikamana na mfupa huongezeka. Hapo mfupa huula mzizi polepole. Mtoto akiendelea kukua, jino hilo hubaki nyuma, likaonekana fupi kuliko wenzake.

Wenzangu watasema: mtoto wa Pangani akishaondoka, nauli ya kumrudisha itapatikana lini? Heri waya ubaki. Hoja hiyo ni ya kweli kuhusu nauli, si kuhusu jino. Dawa yake ni kuandika tarehe ya kuondoa waya kwenye kadi kabla mtoto hajashuka kitini, pamoja na barua kwa tabibu wa meno wa hospitali ya wilaya yake, asilazimike kurudi Bombo kwa kazi hiyo tu. Aidha, jino lililong'oka ambalo mzizi wake umekwisha kukomaa huhitaji kutibiwa mzizi ndani ya wiki 2 hizo hizo. Hivyo mpango wa safari moja unaweza kubeba kazi mbili.

Nawe mzazi, jino la ukubwani liking'oka, lishike kwa taji, si kwa mzizi. Lirudishe palepale, au litie katika maziwa, kisha muwahi hospitali. Jino la utotoni halirudishwi. Waya ukishawekwa, mpe mtoto vyakula laini, apige mswaki kwa upole na aache mpira kwanza. Tarehe iliyo kwenye kadi ikifika, mrudishe hata kama jino halimuumi. Na kama kadi haina tarehe, usiondoke bila kuiuliza.