TAMKO LA TAWI: BANGI ISIHALALISHWE

Ndugu wanachama,

Wapo wanaotuambia bangi ihalalishwe kwa kuwa jirani zetu Malawi wameihalalisha. Huo ni upotoshaji. Sheria ya Malawi ya 2020 inaruhusu kilimo chenye leseni kwa ajili ya dawa na viwanda, si kuvuta kijiweni.

Sisi tunasema HAPANA. Kijana akianza mapema, bangi huweza kumvuruga akili. Faida ataila mwenye leseni, mzigo ataubeba mama.

Lakini jela haitibu. Wa heroini wana methadoni hapa Mbeya. Wa bangi hawana dawa kama hiyo. Basi unasihi na huduma za afya ya akili zifike kila kituo cha afya, Mafinga hadi Kyela.

Msambazaji akamatwe, mtumiaji atibiwe!

Kamati ya Tawi