Afya ya Mchumaji ni Mali ya Mwenye Shamba

Kila msimu ukikaribia twasikia neno lile lile barazani: mchumaji hulipwa kwa pishi, basi akiumwa hasara ni yake. Neno hili lina wafuasi wengi katika chama chetu, na baadhi yao ni wazee tunaowaheshimu sana. Walakini sisi hatukubaliani nalo, na sababu yetu si huruma peke yake (ingawa nayo yatakikana), bali ni hesabu ya fedha.

Karafuu haingoji mtu. Tumba likishapevuka na kuanza wekundu, zimebaki siku chache tu kabla halijafunguka, na likifunguka bei yake si ile tena. Mchumaji akilala na homa siku tatu hupoteza ujira wa siku tatu. Mwenye shamba hupoteza karafuu yenyewe, aliyoipalilia na kuilinda mwaka mzima. Na mwaka wa neema ndio mzito zaidi, kwa kuwa kila shamba lataka watu na hapana wa kuazimwa.

Tena si lazima mtu alale kitandani ndipo tupate hasara. Tuseme unao wachumaji 10 waliozoea kuchuma pishi 8 kwa siku, nao sasa wachuma 6 tu kwa upungufu wa damu. Huwezi kuwaita wagonjwa. Wako mtini na upembo mkononi, ila kila baada ya tawi mtu hukaa akatweta. Kwa siku 20 ni pishi 400 zilizobaki juu. Mwenye shamba huyo aghlabu husema watu wa siku hizi wavivu.

Sisi watu wa visiwa hivi twaijua safura. Uchunguzi uliofanywa Pemba katika miaka ya 1990 kwa watoto wa skuli ulionyesha kuwa minyoo ya safura ni sababu kubwa ya upungufu wa damu. Minyoo hiyo huingia kwa ngozi ya mguu mtupu, katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa na choo. Basi fikirini dago zetu: watu wengi, kivuli cha mikarafuu, miguu mitupu, na choo ni kichakani.

Wenzetu wa Indonesia walilipima jambo hili katika mashamba ya mpira, ambako wagemaji nao hulipwa kwa uzito wa utomvu kama sisi tulipavyo kwa pishi. Wagemaji wenye upungufu wa damu walipewa vidonge vya madini ya chuma kwa siku 60. Matokeo yalitangazwa mwaka 1979: kazi yao ilipanda hata ikakaribia ya wenzao wenye damu ya kutosha. Mti ni ule ule, kisu ni kile kile.

Mwenye eka tatu atasema hayo ni ya wenye mashamba makubwa. Sivyo. Majirani wanne waweza kuchimba choo kimoja cha dago, nacho kichimbwe kabla watu hawajafika. Kidonge cha minyoo humezwa mara moja tu, na kituo cha afya kitaeleza nani apewe na nani asipewe, hasa kwa wanawake wenye mimba. Maji ya kunywa yachemshwe, vyandarua viwepo, na chakula cha mchana kisiwe muhogo mkavu mtupu; dagaa na mboga havimfilisi mtu. Na mwenye kizunguzungu asipandishwe mtini hata akiomba mwenyewe, apewe kazi ya kuchambua makonyo.

Wanachama wanaotaka tuwaombee wauguzi wapite mashambani mwao na watuletee idadi ya wachumaji wao, pamoja na mahali dago litakapokuwa, kabla majamvi hayajatandikwa.