Umaskini Si Maonyesho

Mgeni aliyekuja Nairobi kwa biashara, akamaliza shughuli zake, ana haki ya kula vizuri hotelini na kuutazama mji. Hapana amnyimaye. Lakini iko matembezi moja niipingayo: ile ya kulipa fedha ili kuongozwa katika vichochoro vya Kibera kutazama maskini.

Jambo hili si jipya duniani. Katika miaka ya 1880 matajiri wa London walikwenda Whitechapel kwa namna iyo hiyo. Kennedy Odede, aliyekulia Kibera, alieleza katika gazeti la The New York Times mwaka 2010 jinsi alivyopigwa picha na mgeni alipokuwa kijana wa miaka 16, akiosha vyombo nje ya nyumba yake. Hakuombwa ruhusa.

Watetezi husema kuwa matembezi hayo huleta kazi. Kweli, kiongozi hulipwa. Lakini atazamwaye hupata nini? Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hapa mwenyeji haponi, wala hakupigiwa hodi.

Nawe, msomaji, usidhani kosa ni la wageni peke yao. Ukitoka Lavington ukaingia Kawangware, ukampiga picha kwa simu mtoto wa mtu achezaye penye mtaro, umetenda lile lile. Nenda Kawangware kununua, kufundisha, au kumjulia hali rafiki. Lakini piga hodi, ungoje kukaribishwa. Nyumba ya mabati nayo ina mwenyewe.