Mboga, Vidonge na Ini

Katika vijiji vya Milima ya Usambara upande wa Korogwe, kama vile Mpale, mchunga na mnavu ni kitoweo cha kawaida, na uchungu wa mchunga umewafanya wengi wauhesabu kuwa nusu dawa. Imani hiyo imepata mtetezi katika maabara. Panya waliopewa dondoo za mimea mbalimbali zinazozuia uoksidishaji, kisha wakapewa parasetamoli kupita kiasi, maini yao yaliharibika kidogo kuliko ya wenzao. Je, yafaa kumwambia mwananchi kwamba mboga humkinga na madhara ya vidonge?

Sehemu kubwa ya parasetamoli hugeuzwa na ini ikatoka kwa mkojo bila madhara. Sehemu ndogo huwa sumu kali, nayo hunaswa na glutathioni, kemikali inayotengenezwa na ini lenyewe. Vidonge vikizidi, glutathioni hupungua mno, na sumu hushambulia seli za ini.

Hapa ndipo hoja ya mboga inapolegea. Glutathioni hujengwa kwa asidi-amino tatu, na asidi-amino hutokana na protini. Basi maharage, ambayo hakuna anayeyaita dawa, yastahili kutajwa kabla ya mchunga, hasa kwa mgonjwa wa homa aliyeshinda siku kadhaa bila kula. Tena panya wale mara nyingi walipewa dondoo kabla ya sumu. Binadamu hajui ni siku gani atazidisha dawa. Mboga ziliwe kwa vitamini na madini yake, na sifa hiyo yazitosha.

Kinga ya kweli ni hesabu. Kidonge cha kawaida kina miligramu 500. Mtu mzima asipite vidonge 8 kwa saa 24, na mtoto hupimiwa kwa uzito wake. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli hiyohiyo chini ya jina jingine, na zoezi la kusoma pakiti zake lingefaa sana katika somo la kemia.

Aliyezidisha apelekwe hospitali mara moja, hata akijiona mzima. Asetilisisteini, iliyoanza kutumiwa kwa kazi hii miaka ya 1970, hulipatia ini malighafi ya kutengeneza glutathioni, na hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Macho huwa ya manjano baada ya siku mbili au tatu, nafasi hiyo ikiwa imekwisha kupita.