Kitumbua Nacho Kishukuriwe
Tumezoea kumshukuru Mungu kwa makubwa: ajira, mtoto kuzaliwa salama, kupona maradhi. Kitumbua cha moto, kingo zake kavu, iliki ikinukia, tunakimeza macho yakiwa kwenye simu. Mwaka 2003 wanasaikolojia wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti: walioandika kila wiki mambo yasiyozidi matano ya kushukuru waliyatazama maisha yao kwa jicho jema kuliko walioorodhesha kero. Mimi naamini hata kutamka kunafaa, tena papo hapo, kwa mwenye kikaango: “Mama, leo vimeumuka vizuri.” Kodi ya nyumba haitapungua kwa hilo, na anayewahubiria maskini vinginevyo anawaonea. Lakini wiki hii anza na huyo mama, kisha kondakta aliyekungoja ulipokuwa ukivuka barabara.