Kila kitu chaishia Suswa: chai ya Kericho na riziki ya Mombasa

Chai haipandwi Mombasa, lakini Mombasa yala kwa chai. Ukipita Shimanzi au Changamwe utayaona magodauni yaliyojaa mifuko yenye majina ya viwanda vya Kericho, Bomet, Nandi na Murang'a, na hata vya Uganda na Rwanda. Vijana wetu wabeba, wapanga, wachanganya, wafunga kontena. Wengine ni makarani wa mawakala, wengine wameingia kwenye kazi ya kuonja. Mnada wenyewe ulihamishwa kutoka Nairobi ukaja hapa mwaka 1969, na leo wauza chai ya nchi karibu kumi za Afrika. Kwa hivyo mtu wa Pwani akisikia kwamba wakulima wa Kericho na Bomet wameandamana kwa sababu ya bonasi duni, kama walivyofanya mwaka 2025, asifunge habari akasema hayo ni mambo ya bara.

Na neno hili bara, kwetu lina maana mbili: Afrika yote, na kule juu kwa wenzetu. Katika habari hii zote mbili zahusika.

Januari 2012, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipitisha mpango mkubwa wa miundombinu unaojulikana kama PIDA. Shabaha yake ni kuliunganisha bara zima kwa umeme, kwa reli na barabara na bandari, kwa nyaya za mawasiliano, na kwa maji ya mito inayovuka mipaka. Si maneno matupu kama wengi wanavyodhani. Laini ya umeme kutoka Ethiopia imejengwa, zaidi ya kilomita 1,000 yenye msongo wa kilovolti 500, na tangu Novemba 2022 Kenya yanunua umeme wa huko. Laini nyengine ya kilovolti 400 yatoka Isinya hadi Singida, Tanzania, nayo iliwashwa Desemba 2024. Reli ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ikasogezwa hadi upande wa Naivasha mwaka 2019.

Sasa chukua ramani uangalie vitu hivi vyaishia wapi. Laini ya Ethiopia yaishia Suswa. Reli ya SGR yaishia Suswa. Mvuke wa Olkaria, unaotoa sehemu kubwa ya umeme wa nchi, upo jirani hapo hapo. Barabara ya njia nyingi kutoka Rironi, ambayo Rais Ruto aliizindua Novemba 2025 na ambayo magari yatailipia, yaenda mbele kidogo, lakini nayo yaishia Mau Summit, pale pale ambapo barabara ya Kericho yachepuka na kuiacha ile ya Eldoret. Nchi ya chai yaanza pale ambapo miradi mikubwa yakoma.

Tuanze na umeme, kwa sababu ndio wenye hasara isiyoonekana kwa macho.

Jani la chai likishachumwa halingoji mtu. Lazima lifike kiwandani siku ile ile, lipepewe kwa mafeni makubwa usiku kucha hadi linyauke, kisha lisagwe, liachwe lichachuke kwa muda uliopimwa, ndipo likaushwe. Kila hatua yataka umeme, na kukausha kwataka mvuke ambao viwanda vyaupata kwa kuchoma kuni za mikaratusi. Umeme ukikatika jani likiwa limeshasagwa, linaendelea kuchachuka. Haliwezi kuambiwa lisubiri. Kiwanda chenye jenereta kitawasha dizeli, na gharama ya dizeli itamrudia mkulima, kwa sababu viwanda vya wakulima wadogo vilivyo chini ya KTDA hutoa gharama zote kwanza ndipo vigawe bonasi. Jenereta ikichelewa, chai yatoka, lakini si ile.

Wiki chache baadaye chai hiyo yawekwa kwenye kikombe Mombasa. Muonjaji aivuta kwa mdomo, aizungusha, aitema, aandika bei. Yeye hajui kwamba umeme ulikatika Bomet usiku wa manane. Ajua kikombe tu. Kisha wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa huambiwa kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki kwa sababu ya ubora wa majani. Sisemi ubora si kweli. Lakini ubora hautoki mikononi mwa mchumaji peke yake.

Makampuni makubwa ya mashamba ya Kericho yaliliona hili zamani, tangu enzi za mkoloni, yakajijengea mitambo midogo ya umeme kwenye mito yao. Mkulima mdogo hakuwa na mto wake. KTDA imejaribu njia hiyo pia, lakini miradi yake ya mwanzo, kama Imenti na Gura, iliwekwa upande wa Meru na Nyeri. Maji ya mito ya Kericho na Bomet yateremka hadi Mto Sondu na kuzungusha mitambo ya Sondu Miriu, megawati 60, huko chini kwenye nchi ya Kisumu. Mkulima auona mto ukipita, umeme wake waingia kwenye gridi, na taa kwake yazimika. Rais mwenyewe amekiri hadharani kwamba nyakati za jioni, watu wengi wanapotumia umeme, kuna maeneo yanayopunguziwa. Tatizo kubwa la magharibi ya nchi ni laini za kuufikisha umeme. Kuzizalisha megawati na kuzifikisha kwenye kiwanda ni kazi mbili mbalimbali, na ile ya pili haina utepe wa kukata.

Kwenye uchukuzi twarudi nyuma kuliko tulivyotoka. Reli ya mkoloni ilifika Kisumu mwaka 1901, na chai ya Kericho ilipoanza kupandwa kwa wingi miaka ya 1920, ilipelekwa hadi stesheni ya Lumbwa, ambayo siku hizi ni Kipkelion, ikapakiwa behewani na kushuka Mombasa. Miaka mia moja baadaye, sehemu kubwa ya chai yashuka kwa malori zaidi ya kilomita 700. Ile reli nyembamba ya Nakuru hadi Kisumu ilifufuliwa, na treni ya abiria ikarudi mwaka 2021. Kiungo cha kuiunganisha na SGR karibu na Naivasha pia kimejengwa. Lakini kipimo cha reli hizi si kimoja: moja ni milimita 1,000, nyengine 1,435. Mzigo lazima ushushwe na kupakiwa upya. Mwenye mzigo akipiga hesabu ya siku na ya makuli, aita lori.

Na malori yana gharama yake isiyoandikwa kwenye risiti. Tarehe 30 Juni 2023, siku mbili baada ya Idi ya kuchinja, lori lenye kontena liliwavamia watu makutano ya Londiani, wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Mungu awarehemu. Palisemwa mengi siku zile kuhusu dereva na breki na wachuuzi kukaa karibu na lami. Machache yalisemwa kuhusu kwa nini kontena zinazotoka na kwenda bandarini ziwe zapita katikati ya soko, ilhali reli yapita katika kaunti hiyo hiyo.

Hapa najua wasomaji wangu wa Mombasa wataanza kukunja uso, kwa sababu neno SGR kwetu lina kidonda. Mwaka 2019 serikali iliamuru mizigo inayoingia ipelekwe Nairobi kwa reli. Madereva, wenye malori, wenye yadi za kontena, mama lishe wa Miritini na Mariakani, wote waliguswa. Watu waliandamana kila Jumatatu. Amri ile iliondolewa Septemba 2022, lakini hofu haikuondoka. Mtu akikwambia reli isogee hadi Bomet, wasikia kwamba kazi nyengine yaondoka Mombasa.

Hofu hiyo ina msingi. Lakini naona tumeikosea shabaha. Kilichotuumiza mwaka 2019 kilikuwa amri, ya kumlazimisha mwenye mzigo na kuhamisha kazi za bandari bila kutuuliza. Njia ya chuma yenyewe haikuwa na kosa. Reli inayoleta chai kwa bei nafuu na kwa wakati yaujaza mnada na magodauni. Mwaka 2025 serikali ilitangaza tena kwamba SGR itaendelezwa hadi Kisumu na Malaba, na njia iliyochorwa tangu zamani yapitia Narok na Bomet. Nasi twailipia, tukitaka tusitake: ushuru wa maendeleo ya reli hutozwa kwenye bidhaa zinazoingia nchini tangu mwaka 2013. Kila mchele na kila kitambaa kinachopita gatini kimeshachangia. Anayechanga ana haki ya kuuliza.

Swali letu, kwa maoni yangu, liwe kwenye mawasiliano, ambako watu wengi hawaangalii.

Mawasiliano ndiyo sehemu ya mpango huu iliyokwenda mbio kuliko zote. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilitia nanga Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na nyengine baadaye. Kutoka hapa intaneti yapanda bara, na sehemu yake yapita juu ya nguzo zile zile za umeme, kwa sababu Kenya Power hukodisha nyuzi zake kwa makampuni ya simu. Huo ndio mfano mzuri wa miundombinu kuunganishwa kweli: nguzo moja, kazi mbili. (Linganisha na SGR yetu. Laini ya umeme ya Mombasa hadi Nairobi ilikamilika mwaka ule ule wa 2017, lakini treni bado yachoma dizeli. Watanzania wao, treni yao ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza mwaka 2024, yaenda kwa umeme.)

Sasa, mwaka 2020 Korona ilipofunga milango, mnada wa chai uliacha kufanyika kwa sauti ndani ya ukumbi wa Nyerere Avenue ukaingia kwenye mtandao. Haukurudi. Mnunuzi aweza kuwa Karachi, Kairo au London akabonyeza kitufe. Kwa mkulima hili ni jema, lapunguza siku na lapunguza kunong'onezana. Kwa Mombasa lina maana ambayo hatujaikalia kikao. Mnada ulipokuwa ukumbini, ilibidi wanunuzi na mawakala wawe na watu hapa. Mnada wa mtandaoni hauna mji. Kinachoufanya bado uitwe mnada wa Mombasa ni kwamba chai yenyewe yalala kwenye magodauni yetu ikingoja kuuzwa, na bandari ipo hatua chache.

Basi piga picha reli imefika Bomet, umeme umetulia, na intaneti ni ya kasi. Chai yaweza kulala kwenye bohari huko huko Bomet au kwenye bandari kavu ya Naivasha, ikauzwa mtandaoni, kontena likafungwa huko, likashuka kwa treni moja kwa moja hadi melini. Mombasa itaiona ikipita. Sisemi kuna mtu ameandika mpango huo. Nasema vipande vyote vikikamilika, hakuna wa kuhitaji kuuandika. Na Dar es Salaam, iliyofungua mnada wake wa chai Novemba 2023, haitangoja tumalize kubishana.

Mkulima wa Bomet akiyasikia haya atasema, kwani ubaya uko wapi? Na ana haki. Kericho tayari ina kiwanda cha kupakia chai cha Ketepa, na kijana wa kule ataka kazi kama kijana wa Likoni. Siwezi kumwambia abaki na matope na jenereta ili sisi tupate mishahara ya godauni. Tena sehemu kubwa ya chai ya Kenya yauzwa nje ikiwa kwenye mifuko mikubwa, haijachanganywa wala kutiwa kwenye pakiti, na faida hiyo haiko Bomet wala Mombasa.

Hapo ndipo pa Mombasa kusimama. Kuchanganya chai ya Kericho na ya Rwanda na ya Malawi kwataka mahali zote zakutana, na mahali hapo ni bandarini. Kutia kwenye pakiti kwa ajili ya soko la Afrika pia. Mwaka 2022 Kenya ilipeleka chai Ghana chini ya mkataba wa biashara huru wa Afrika, na hakuna reli wala barabara ya kuifikisha huko kutoka Kericho. Mzigo kama huo ni wa meli. Dongo Kundu imetengwa kuwa eneo maalumu la uchumi, barabara imefika, ardhi ipo. Viwanda vya kuchanganya na kupakia chai vyahitaji umeme usiokatika, njia ya reli iingiayo ndani ya eneo lenyewe, na mikataba inayotaja ajira za wenyeji kwa idadi.

Wabunge wetu na kaunti zote sita za Pwani watakapoletewa mpango wa reli ya kwenda Malaba, waanze kwa kuuliza mambo matatu: bohari za chai zimechorwa wapi, kontena litafungwa wapi, na je, mwenye mzigo atakuwa na hiari ya kuchagua reli au lori? Wenzao wa Kericho na Bomet nao wana la kwao la kuuliza, kuhusu laini ya umeme itakayotoka Suswa kuelekea viwandani. Hakuna kinachowazuia kukaa meza moja kabla ya makandarasi kufika.